Wimbo Mmoja, Rekodi Tatu: Jinsi ya Kuisikiliza Switchfoot

Kuna wimbo mmoja ambao Switchfoot, bendi ya roki ya Marekani, imeurekodi studio kwa ajili ya albamu tatu tofauti: mwaka 2000, mwaka 2003 na tena mwaka 2023. Mara ya kwanza uliitwa I Dare You to Move, nao ndio uliofungua albamu ya Learning to Breathe. Mara ya pili neno la kwanza likaondolewa, ukabaki Dare You to Move, na kwa jina hilo ukafika kwenye redio ambazo kwa kawaida hazikuwa na habari na bendi za Kikristo. Maneno ni karibu yaleyale, lahani haikuguswa sana na mwimbaji ni yuleyule, lakini anayezisikiliza rekodi hizo kwa kufuatana atadhani kwamba kila moja imetoka katika zama zake. Anayetaka kuelewa kwa nini bendi hii imekuwa ikigombaniwa na mashabiki wake kwa zaidi ya miaka 25, wengine wakisema imeiacha imani na wengine wakisema imeng'ang'ania imani kupita kiasi, hana mahali pazuri pa kuanzia kuliko hapo.

Ugomvi huo, kwa maoni yangu, unatokana na kuchanganya mambo matatu ambayo yana uhusiano lakini si kitu kimoja: mlio wa muziki, soko linalouza muziki huo, na imani ya watu wanaoupiga. Mlio wa Switchfoot umebadilika mara nyingi, na soko lao limebadilika pia. Watu wakaona mabadiliko hayo mawili, wakakata shauri kwamba hata la tatu lazima liwe limebadilika.

Tuanze na soko, kwa sababu ndilo linalowachanganya watu zaidi. Jina "roki ya Kikristo" ni la ajabu kidogo tukilitafakari. Aina nyingine za muziki hutambulika kwa sikio: bluzi ina mpangilio wake wa nyuzi, rege ina mdundo wake, na mtu asiyeelewa hata neno moja la wimbo anaweza kuzitofautisha. Roki ya Kikristo haitambuliki hivyo. Ilizaliwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960, wakati vijana wengi wa California waliokuwa wamelelewa katika utamaduni wa roki walipomgeukia Kristo bila kuyaacha magitaa yao. Mwimbaji Larry Norman alitoa albamu ya Upon This Rock mwaka 1969, na makanisa mengi yalimtazama kwa jicho la shaka, kwa kuwa ngoma na gitaa la umeme vilihesabiwa kuwa vyombo vya shetani. Redio za kawaida nazo hazikutaka nyimbo zinazomtaja Yesu waziwazi. Waimbaji hao, wakiwa wamekataliwa huku na huku, wakajengewa ulimwengu wao wa pembeni wenye kampuni zake za kurekodi, vituo vyake vya redio, majarida yake, chati zake na tuzo zake, na zaidi ya yote maduka ya vitabu vya dini ambako kanda na santuri zilipangwa jirani na Biblia.

Ndani ya ulimwengu huo mdogo kulikuwa na kila mlio. Stryper walipiga metali wakiwa wamevaa nguo za milia ya njano na nyeusi, huku wakiwarushia watazamaji Agano Jipya kutoka jukwaani. Jars of Clay walipiga gitaa la kawaida lisilo la umeme, na wimbo wao wa Flood ukavuka mpaka katikati ya miaka ya 1990 hadi kwenye redio za kidunia. P.O.D., waliotoka San Diego, California, kama Switchfoot, walichanganya roki nzito na rapu. Kilichowaunganisha watu hawa wote ni imani pamoja na rafu ya duka. Kwa hiyo mtu anapouliza kama bendi fulani ni ya roki ya Kikristo, mara nyingi anauliza maswali mawili bila kujua: wanamuziki hawa wanaamini nini, na bidhaa yao inauzwa wapi?

Switchfoot ilianzishwa mwaka 1996 na vijana watatu wa San Diego: Jon Foreman aliyeimba na kupiga gitaa, mdogo wake Tim kwenye besi, na Chad Butler kwenye ngoma. Jina lenyewe limetoka baharini. Mtu anayeteleza juu ya mawimbi husimama kwenye ubao akiwa ametanguliza mguu mmoja aliouzoea. Akibadilisha, akatanguliza ule mwingine, anakuwa amefanya jambo ambalo watu wa mchezo huo huliita kwa jina hilo. Si jambo rahisi, kwa kuwa mwili mzima unapaswa kujifunza upya mizani yake. Sijui kama vijana hao walijua kwamba walikuwa wakijitabiria, lakini hakuna maelezo mafupi zaidi ya yale waliyoyafanya baadaye kuliko jina hilo.

Aliyewagundua ni Charlie Peacock, prodyuza na mwanamuziki aliyekuwa na lebo ndogo iliyoitwa re:think, yenye nia ya kuwatoa wanamuziki Wakristo nje ya uzio wao. Lebo hiyo ikaja kumezwa na Sparrow, kampuni kubwa ya muziki wa Kikristo, na bendi ikajikuta imepangwa kwenye rafu ileile waliyotarajia kuikwepa. Albamu tatu za kwanza, The Legend of Chin ya 1997, New Way to Be Human ya 1999 na Learning to Breathe ya 2000, ziliuzwa zaidi kupitia njia hiyo. Hizi ni albamu za watu watatu wanaopiga kwa pamoja chumbani. Gitaa ni moja au mawili, ngoma haina mapambo, na sauti ya Jon ina mkwaruzo wa mtu ambaye bado anatafuta mahali pa kuiweka. Hata hivyo mashairi hayakuwa ya kitoto. Katika albamu ya pili kuna wimbo uliopewa jina dogo la Søren, yaani mwanafalsafa Kierkegaard wa Denmark, na mwingine unaotaja Maungamo, kitabu cha Mtakatifu Augustino. Kijana wa miaka 22 anayeimba kuhusu Augustino huku gitaa likinguruma ni kijana ambaye tangu mwanzo hakukusudia kuwaimbia waliokwisha kuokoka peke yao.

Mpaka wenyewe ulifunguka kupitia sinema. Mwaka 2002 ilitoka filamu ya A Walk to Remember, ambamo Mandy Moore aliimba Only Hope, wimbo wa Switchfoot kutoka albamu ya 1999, na nyimbo nyingine kadhaa za bendi hiyo zikasikika humo. Watu waliokwenda kutazama hadithi ya mapenzi walitoka wakiuliza nyimbo hizo ni za nani. Muda si mrefu bendi ikawa chini ya Columbia, kampuni kubwa ya kurekodi muziki wa kawaida, na Februari 2003 ikatoka The Beautiful Letdown, albamu iliyokuja kuuza zaidi ya nakala milioni 2 nchini Marekani.

Hapa ndipo turudi kwenye wimbo wetu, kwa kuwa tofauti ya rekodi ya 2000 na ile ya 2003 inaonyesha mabadiliko ya mlio waziwazi kuliko maelezo yoyote. Rekodi zote mbili huanza kwa gitaa tulivu na sauti inayomkaribisha msikilizaji duniani kana kwamba ndiyo kwanza amezaliwa, kila mtu amemkodolea macho akisubiri atafanya nini. Zote mbili huongezeka nguvu kuelekea kwenye kiitikio, ambacho humtaka msikilizaji ainuke kutoka sakafuni alipoangukia na athubutu kusogea, kana kwamba siku ya leo haijawahi kutokea. Lakini katika rekodi ya 2000 kiitikio kinapofika, unasikia bendi ileile ikipiga kwa nguvu zaidi, basi. Katika rekodi ya 2003, ambayo prodyuza wake alikuwa John Fields, kiitikio kinafika kama mlango uliofunguliwa ghafla: magitaa yamerekodiwa kwa tabaka juu ya tabaka, mengine yakiwa upande wa kulia na mengine kushoto, ngoma imepewa mwangwi mpana, na sauti ya Jon inaungwa mkono na sauti nyingine zilizofichwa nyuma yake. Utulivu wa ubeti haukuongezwa sana; kilichoongezwa ni umbali kati ya utulivu na kishindo.

Umbali huo ndio mahali ambapo muziki na ujumbe vinakutana, na ningependa nikae hapo kidogo. Mbinu ya ubeti wa chini na kiitikio cha juu haikubuniwa na Switchfoot, kwani roki ya miaka ya 1990 iliitumia hadi ikachosha. Bendi nyingi ziliitumia kuonyesha hasira, mtu akinong'ona halafu akapiga kelele. Switchfoot waliigeuza ionyeshe jambo lingine, nalo ni tofauti kati ya mtu alivyo na mtu anavyopaswa kuwa. Wimbo wenyewe unasema hivyo bila kuficha: mvutano uko hapa, kati ya ulivyo na unavyoweza kuwa. Kwa hiyo kishindo kinapoingia, msikilizaji hasikii hasira. Anasikia nafasi aliyokuwa hajaijua. Mtu asiyeshika hata neno moja la Kiingereza anaweza kuupata ujumbe huo kwa sikio tu, na ndiyo maana sikubaliani na wanaodai kwamba kuukuza mlio kulikuwa njia ya kuupunguza ujumbe. Katika wimbo huu mlio mkubwa ulifanya kazi ambayo mlio mdogo ulikuwa haujaiweza.

Meant to Live, wimbo mwingine mashuhuri wa albamu hiyo, unafuata mantiki hiyohiyo kutoka upande wa pili. Huo huanza na kishindo moja kwa moja, gitaa zito linalorudiarudia mfuatano mfupi wa noti, na mashairi yake yana deni kwa mshairi T. S. Eliot na shairi lake la mwaka 1925 kuhusu watu watupu waliojazwa majani. Mhusika wa wimbo anahangaika, anaona kwamba maisha yake hayajai, na badala ya kuambiwa aridhike anaambiwa kwamba kutoridhika kwake ni ushahidi: anaumia kwa sababu aliumbwa kwa ajili ya zaidi ya haya. Jina la Mungu halikutajwa kama ambavyo duka la vitabu vya dini lingetarajia, na baadhi ya wasikilizaji wa zamani walilalamika. Lakini hoja hiyo, kwamba kiu ni ushahidi wa kuwapo kwa maji, ni hoja ya zamani sana katika fikra za Kikristo, na yeyote aliyewahi kumsoma mwandishi Mkristo C. S. Lewis ataitambua mara moja.

Hapo tumegusa neno ambalo huandikwa karibu kila mahali Switchfoot wanapotajwa, yaani matumaini. Neno hili limechakaa. Katika muziki wa dini mara nyingi lina maana ya uchangamfu, wimbo wa mapigo ya haraka unaomhakikishia msikilizaji kwamba mambo yatakuwa shwari. Matumaini ya Switchfoot si ya aina hiyo, na albamu inayothibitisha ni ile ambayo wengi huiruka: Nothing Is Sound ya mwaka 2005. Jina lake lina fumbo, kwa kuwa katika Kiingereza neno hilo la mwisho lina maana ya mlio na pia ya kitu kilicho kizima na salama, hivyo linaweza kusomeka kwamba ukimya wenyewe ni mlio au kwamba hakuna kitu kilichobaki kizima. Bendi ilikuwa kileleni, na badala ya kurudia fomula iliyofaulu ikatoa albamu nzito na yenye giza kuliko zote zilizotangulia, karibu na kitabu cha Mhubiri kuliko Zaburi za sifa, ikilaumu biashara ya tamaa, utupu wa starehe na upweke. Mimi huihesabu kuwa kazi yao yenye uzito zaidi, ijapokuwa najua wengi hawatakubali.

Ndani ya albamu hiyo kuna The Shadow Proves the Sunshine, wimbo uliotokana na safari yao ya Afrika Kusini, ambako walikutana na kwaya ya watoto iliyoitwa Kuyasa Kids, na baadaye wakasaidia kuirekodi. Hoja ya wimbo iko katika jina lake: kivuli huthibitisha kwamba jua lipo. Ni hoja ya kimahakama kuliko ya kishairi. Kivuli hakikanushwi, hakipakwi rangi, wala msikilizaji haambiwi afumbe macho. Kinapokelewa kizimbani kama shahidi, kisha shahidi huyo anaulizwa ametoka wapi. Ukishaielewa hoja hii umepata ufunguo wa nusu ya nyimbo za bendi hii, kwa sababu wanairudia kwa mavazi tofauti: Hello Hurricane ya 2009 inakiamkia kimbunga na kukiambia kwamba hakina uwezo wa kuunyamazisha upendo, na Where the Light Shines Through ya 2016 inasema kwamba jeraha ndilo tundu ambalo nuru hupitia.

Kuhusu albamu hiyo ya 2005 kuna kisa kidogo kinachoeleza tabia ya bendi. Diski zake zilitolewa zikiwa na kinga ya kuzuia kunakiliwa, iliyowasumbua hata wanunuzi halali waliotaka kuzihamishia nyimbo kwenye vifaa vyao. Tim Foreman aliwaandikia mashabiki hadharani, akawaeleza masikitiko yake na namna ya kuikwepa kinga hiyo, jambo ambalo msanii aliye chini ya mkataba hatarajiwi kulifanya. Baada ya Oh! Gravity., iliyotoka Desemba 2006, bendi na Columbia waliachana.

Miaka iliyofuata ndiyo yenye mageuzi ya haraka, nami nitayapitia kwa ufupi. Walianzisha lebo yao wenyewe na kujijengea studio San Diego, wakaandika makumi ya nyimbo na kuzitupa nyingi kabla ya Hello Hurricane kukamilika kwa msaada wa Mike Elizondo, prodyuza aliyewahi kufanya kazi na rapa Dr. Dre. Ukiisikiliza Mess of Me, wimbo wa kwanza kutolewa kutoka humo, utasikia besi na ngoma zimesogezwa mbele kuliko zamani, na gitaa lina ukali wa kukata badala ya upana wa 2003. Vice Verses ya 2011 ikaendeleza mdundo huo, hata ikawa na wimbo ambao Jon anausema zaidi ya kuuimba. Fading West ya 2014, iliyoambatana na filamu ya safari zao za mawimbi katika pwani za mbali, ikageukia sinthesaiza na viitikio vya kuimbwa na umati. Nakiri kwamba hapo naona walisafisha kupita kiasi. Kuna nyimbo ambazo mkwaruzo wote umepigwa pasi. Baada ya mapumziko waliyotangaza mwishoni mwa 2017 wakarudi na Native Tongue mwaka 2019, iliyoutaja upendo kuwa lugha ya kwanza ya binadamu, na mwaka 2021 wakatoa Interrobang wakiwa na prodyuza Tony Berg. Hiyo imepewa jina la alama adimu inayounganisha kiulizo na mshangao, na mlio wake umeegemea roki ya miaka ya 1960, mkavu na usio na tabaka nyingi, kama watu waliochoka kupiga kelele wakaamua kuongea.

Mageuzi hayo yote yalipokuwa yakiendelea, jina la soko liliendelea kuwafuata. Wanabendi wamekuwa wakijieleza kwamba wao ni Wakristo kwa imani, si kwa aina ya muziki, na wakosoaji wakaliona jibu hilo kuwa ujanja wa kukwepa. Mwaka 2011 Hello Hurricane ikashinda tuzo ya muziki ya Grammy, tena katika kipengele cha albamu bora ya injili ya roki au rapu. Waliolikataa jina wakavishwa taji kwa jina hilohilo. Sioni aibu yoyote hapo, ila naona namna soko lisivyokuwa na kisanduku cha watu wa aina yao. Kama mtu anataka kupima imani ya bendi, nadhani kuna mahali pa kutazama palipo wazi kuliko tuzo na chati. Mwaka 2005 walianza kuandaa Bro-Am, tamasha la ufukweni huko Encinitas, karibu na San Diego, la kuchangisha fedha kwa ajili ya vijana wa eneo hilo, na katika ziara yao ya mwaka 2007 pamoja na bendi ya Relient K dola 1 ya kila tiketi ilikwenda kwa Habitat for Humanity, shirika linalowajengea watu nyumba.

Inabaki rekodi ya tatu. Mwaka 2023, albamu ya The Beautiful Letdown ilipotimiza miaka 20, bendi iliirekodi upya yote tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Upande mmoja wa jambo hilo ni wa umiliki, kwa kuwa katika mikataba ya kampuni kubwa rekodi asilia kwa desturi huwa mali ya kampuni, na msanii anayetaka toleo lililo lake hana budi kuingia studio tena. Upande wa pili ni wa kisanaa, nao ni wa kushangaza kidogo: bendi iliyobadilika kila baada ya miaka michache safari hii haikubadilisha karibu chochote. Mpangilio wa Dare You to Move umefuatwa karibu hatua kwa hatua. Gitaa tulivu liko palepale, na mlango unafunguka palepale.

Kilichobadilika kinasikika kabla ya kiitikio, katika ule ubeti wa kumkaribisha mtu duniani. Jon Foreman alikuwa na miaka 23 rekodi ya kwanza ilipotoka, na hii ya tatu ilipotoka alikuwa na miaka 46, umri ule mara mbili kamili. Sauti imeshuka kidogo na kuwa nzito, na pumzi kati ya mistari zinasikika. Katika rekodi ya 2000 anayemhimiza mwenzake ainuke kutoka sakafuni ni kijana ambaye pengine hajaanguka mara nyingi. Katika hii ya 2023 maneno ni yaleyale, lakini anayeyatamka anaijua sakafu.